Pipi za Ummu

Basi lilimshusha Honorata, mkalimani, mbele ya kliniki moja mjini Wheaton, Marekani, ambako hakuwahi kufika. Ndani, mtaalamu wa tiba ya tabia alikuwa akimpa Ummu pipi kila Ummu alipomtazama machoni. Ummu ana usonji, na ana miaka ishirini na sita.

“Mwambie,” alifoka mama yake, Bi Mahfudha wa Unguja, “nimemlea mwanangu ainamishe macho mbele ya wakubwa. Huyu anamfunza utovu wa adabu, tena kwa pipi, kama mtoto wa chekechea.”

Honorata alitafsiri. Mtaalamu alitabasamu, akasema wenye usonji wote hufundishwa hivyo, wadogo kwa wakubwa.

“Ummu, wazipenda pipi hizo?” mama yake alimgeukia.

Ummu akajibu kwa Kiingereza, macho chini, kwamba hajawahi kuzipenda. Honorata akamtafsiria mama.

“Basi inuka twende, mwanangu. Na huyu mwambie haturudi.”

Mama na binti wakatoka. Honorata alibaki kitini, akamtafsiria mtaalamu hilo pia, bila kulilainisha.