Alama ya Meno kwenye Buti la Madam Shuka

Harufu ya balo la mitumba linapokatwa kamba haina mfano. Ni dawa ya nondo, ni vumbi la safari ndefu, ni jasho la watu ambao hutawahi kuwajua. Mama aliuza nguo za watoto Gikomba, na kwa kuwa tuliishi Shauri Moyo, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni, harufu ile ilikuja naye nyumbani kila jioni na kulala nasi katika chumba kimoja. Nimeikuta tena Mombasa, Eldoret na Kampala, maana mimi ni mtu nisiyekaa mahali pamoja, na kila ninapoinusa mkono wangu huenda mfukoni kupapasa kama kuna kitu kimepotea.

Nilikuwa darasa la pili. Jumamosi moja Mama alikuwa akikunjua sweta ya mtoto kutoka kwenye balo, akahisi kitu kigumu ndani ya mkono wa sweta ile. Akatoa wanasesere wawili wa plastiki nzito, wanawake wanaofanana kama mapacha, urefu wa kiganja. Walivaa buti za fedha, mkanda wa fedha na joho la zambarau lililopepea mgongoni. Mama aliwageuza mara mbili tatu, akamwuliza jirani yake wa kibandani, "Hebu niambie, mwanamke gani huyu anavaa chupi juu ya nguo?" Jirani akasema hao ni majini, awatupe kabla hawajafika nyumbani. Mama hakuwatupa. Mmoja alinipa mimi, wa pili akampa Nekesa wa nyumba ya pili, ili tusigombane.

Tukawaita wote wawili Madam Shuka, kwa sababu ya lile joho. Hatukujua ni nani mpaka siku Nekesa aliponunua njugu zilizofungwa kwa ukurasa wa kitabu cha katuni, na pale kwenye karatasi yenye mafuta tukamwona Madam wetu akipaa juu ya maghorofa, kamshika jambazi ukosi. Kumbe alikuwa askari wa angani! Kuanzia hapo kila mtoto wa mstari wetu wa nyumba akamtaka, nami nikaanza kuchunga. Mtaani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo hata watu wazima waliijua. Ukitoka nje na andazi, unalilamba kwanza, unatangaza, "Nimetia mate!" Baada ya hapo hakuna wa kukuomba. Basi nilijifungia chooni nikamng'ata Madam Shuka kwenye buti la kushoto, nikauma kwa nguvu zote mpaka plastiki ikabonyea. Sikumwambia mtu. Usiku nilimsimamisha juu ya sinia lililofunika pipa letu la maji, nyuma ya mlango, atulindie nyumba.

Wiki ya tatu nikaamka nikamkosa. Nilitafuta chini ya kitanda, kwenye viatu, kwenye gunia la makaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi magoti yakachubuka. Kisha nikaacha kutafuta kitu, nikaanza kutafuta mtu. Nikakumbuka kwamba Nekesa alikuwa ameingia kwetu jana yake kuomba chumvi. Nikaona pia kwamba siku ile hakutoka nje na Madam wake, wala siku iliyofuata. Nilipomwuliza yuko wapi akasema, "Amelala," huku akitazama pembeni. Sasa najua kwamba mtoto aliyesikia cha mwenziwe kimeibwa huficha chake. Wakati ule nilijua jambo moja tu, tena nililijua kwa furaha chungu: kikulacho ki nguoni mwako.

Mama alinishika mkono tukaenda kwao. Mama Nekesa alikuwa akichambua sukuma wiki mlangoni. "Mama Adhiambo," alisema bila kuinuka, "mtoto wangu hana mkono mrefu."

"Sijasema ana mkono mrefu. Atoe wake tu tuone."

Nekesa akamtoa chini ya mto. Nilimnyakua, nikageuza buti la kushoto. Palikuwa na alama za meno, na kati yake pengo. Nikapiga kelele, "Ni wangu! Haya ni meno yangu!" nikafunua mdomo kuonyesha jino la mbele lililong'oka. Nekesa naye akalia kwamba ni yeye aliyemng'ata, alimtia mate ili asiombwe, na kweli naye alikuwa na pengo. Lakini Mama alikwisha kuamua. Huyu alipoteza wake, akachukua wetu. Mambo yalionekana kunyooka kama rula.

Ndipo Baba Nekesa alipotoka ndani. Alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache, mikono yake ikinuka grisi hata Jumapili. Alishika nusu mche wa sabuni ya kufulia. "Watoto waume hapa," alisema. "Tutalinganisha." Nekesa akauma, uso umekunjamana kwa uchungu wa sabuni. Baba yake akaweka ile alama kando ya buti. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko Mama. Nikaona pengo la kwenye sabuni liko upande mmoja na lile la kwenye buti. Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye pengo langu, ukalikuta upande wa pili.

"Haya mama, na wewe," Baba Nekesa aliniambia kwa upole, kama wazee wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kike.

Nilifunga mdomo nikaanza kulia. Mama akakasirika. "Mtoto wangu hang'ati sabuni kwa ajili ya mwizi!" Akanivuta tukaondoka na Madam Shuka. Nyuma yetu nilisikia fimbo ya Mama Nekesa, na sauti ya Nekesa ikiita jina langu, si la mama yake.

Tangu siku ile hatukusalimiana. Baba Nekesa aliiweka ile sabuni dirishani, upande ulioumwa ukitazama nje. Ilikaa hapo wiki baada ya wiki, ikikauka na kupasuka. Mama aliniambia nisiitazame, maana mtu haweki sabuni dirishani bure. Jirani mmoja alisema wametufanyia dawa. Nilipopata homa, Mama alitazama dirisha lile kabla ya kutazama paji langu.

Maji ya mfereji yalikuwa yakija mara mbili kwa wiki, na tulijaza pipa kabla halijakauka. Novemba yakakatika siku nyingi, tukachota mpaka chini. Mama akaliinamisha ili nilisugue, nikaingiza kichwa ndani. Pale chini, kwenye tope jembamba, Madam Shuka alikuwa amelala kifudifudi, joho lake limeota utelezi wa kijani. Bila shaka alitumbukia sinia lilipoinuliwa. Tulikuwa tumekunywa maji yake miezi mitatu. Nilimpa Mama. Alimfuta kwa kanga, akatazama buti, akatazama mdomo wangu. Kisha akasema neno moja: "Weka."

Nikaweka. Desemba ile kina Nekesa walihamia mtaa wa Mowlem, vyombo vyao juu ya mkokoteni. Nilisimama nyuma ya pazia na Madam Shuka wawili, mmoja kila mfuko. Dirisha lao lilikuwa tupu.

Nimebeba wale wawili katika kila chumba nilichopanga. Mpwa wangu amenionyesha kwenye simu kwamba wako watu wanaowakusanya wanasesere hawa wakiwa ndani ya maboksi ambayo hayajawahi kufunguliwa. "Lakini hawa wako wameumwa, Anti," alisema. "Hawa hawana bei." Mama alipofariki, nilienda Mowlem. Haikuwa vigumu kumpata: Nekesa ana cherehani mbele ya duka, na bado hucheka kwanza kabla ya kusema.

Siku ile hakucheka. Niliweka wote wawili juu ya meza yake. Aligeuza mabuti, akayaweka sambamba, mapengo yakitazama pande mbili tofauti.

"Hata kipofu angeona," alisema.

"Niliona," nikamwambia. "Siku ileile."

Akashona mstari mzima wa pindo kabla ya kunijibu. "Unajua kwa nini Baba aliweka ile sabuni dirishani? Mama alitaka kuifulia, akakataa. Alisema upande mmoja bado ni wenu. Kila jioni akitoka kazini alikuwa anaiangalia kama mmekuja kuuma. Tulipohama, akaifunga kwa gazeti akaja nayo."

Siku hizi Shauri Moyo wanafunga milango ya chuma na kamera juu ya mlango, na watu husema zamani hatukuogopana. Mimi huwasikiliza tu. Nekesa alichukua Madam wake akamsimamisha juu ya cherehani. Wangu alinirudishia mkononi. Nilimwuliza kama baba yake bado yupo. Akasema yupo, kwao magharibi, macho yamefifia, lakini akiambiwa jina langu atajua. Nimeshakata tikiti. Sijui nitamwambia nini. Jino lile liliota zamani.