Mfuko Ulioning'inia Kitandani

Mwanangu, nakumbuka siku fulani za ujana wangu nikiwa wodini, na kama ungejua nilivyo mtu wa kukaa ndani, ungeuliza nilifikaje. Hata samaki wa soko la Feri nilikuwa naagiza niletewe nyumbani. Lakini kaka yangu Idi, muuza vitenge wa Kariakoo, alikuwa mahututi. Maambukizi ya kidonda cha mguu yalikuwa yameingia kwenye damu.

Pembeni ya kitanda ulining'inia mfuko wa mkojo. Nesi alishatuambia usimwagwe mpaka aupime. Nani alimsikiliza? Kila saa ya kuona wagonjwa ikikaribia, shangazi yetu aliukimbiza chooni.

"Wakwe zake wanapanda ngazi, wakute huu unaning'inia kama juisi ya ukwaju? Uso wangu niuweke wapi? " Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe popo, umetoka shimoni kuja kukodoa macho tu?"

Tulicheka. Idi naye, na homa yake ile, akamshukuru kwa kumsitiri.

Siku aliyoamka kavimba uso, nesi aliinama akautazama mfuko.

"Mkojo uko wapi?"

"Tumeshamwaga, mwanangu," shangazi akajibu kwa fahari. "Hatuuachi ukae."

"Ulikuwa mwingi au kidogo, mama?"

Shangazi akaanza kuchezea pindo la kanga. "Jana ulikuwa kidogo sana. Nikasema si kwa sababu hali, hanywi?"

"Mama, hicho kidogo ndicho tulikuwa tunakitafuta. Ndicho kingetuambia figo zinazidiwa, tuziwahi."

Walimsafisha damu kwa mashine. Hakurudi dukani. Labda angekufa vilevile, sijui. Nesi hakusema, na shangazi hakuthubutu kuuliza mpaka naye tukamzika.

Juzi nimejikokota kwenda kumwona jirani aliyelazwa. Nikakuta mfuko mtupu, unang'aa. Nikauliza nani kaumwaga. Mkewe akatabasamu, akingoja nimsifu.

Ndiyo maana nakusumbua, mwanangu, ingawa sina hakika kama kuna anayesikia. Ukiuguza mtu, usimwage mkojo kabla haujapimwa. Ukipungua au ukigeuka rangi, mwite nesi kwa sauti, hata wakwe wakiwa wamesimama hapo. Usimpenyezee kidonge cha maumivu wala mizizi ya kuchemsha bila daktari kujua. Figo zilizochoka hazibebi kila kitu.

Mungu akupe figo zinazofanya kazi kimya kimya. Na siku ukilazwa, akupe ndugu wasio na haya.