Vieux Frein Alibakia Kasumbalesa

Bandugu, niliacha camion ya patron, imejaa unga, mu mikono ya muntu mwenye hata jina yake ya kweli sikujua. Nikakimbia. Nilikuwa naenda kuoa.

Musinicheke kwanza.

Ilikuwa siku ya tano, Ijumaa, ku mpaka ya Kasumbalesa. Mustari ya macamion imelala tangu upande ya Zambia, haisogei. Mwenzangu wa njia malaria ilimupiga, alibakia Ndola. Niko peke yangu na usukani, na kesho yake, siku ya posho, njo Jumamosi, Dorcelle ananingojea ku kanisa, Bel-Air ya Lubumbashi.

Niache camion pale? Ukirudi unakuta hata matairi haiko. Na kazi inaenda nayo.

Basi nikaongea. Miye nikiogopa, kinywa haifungi. Mustari yote ilijua harusi yangu: bachauffeur, bamama ba mikate, mpaka bacambiste benye kubadilisha pesa. Balianza kuniita Monsieur le Marié, bwana harusi, banapiga sahani, banacheza katikati ya magari. Nilicheka, nikalia, vyote mara moja.

Mbele yangu kulikuwa Vieux Frein. Njo vile bote tunamuita, Mzee Breki, juu anatembeza njia ya Dar polepole kama muntu anabeba mayai. Mzee mupole, tulijuana mu barabara tu. Yeye alikuwa na mwenzake Émile, na aliniambia anamuachia Émile camion yao, yeye anaenda Lubumbashi ku fête, ku sherehe. Taxi yake ilikuwa tayari inamungojea.

Kabla aende, nikamuonyesha picha ya Dorcelle ku telefone. Akaishika muda mrefu.

"Huyu mutoto, anacheka kwenu?"

"Vieux, anacheka mpaka majirani banakuya kuuliza kuko nini."

Akarudisha telefone. Akatoa kifuko yake mu taxi, akapanda mu camion yangu, akakaa ku usukani.

"Enda. Hii nitaileta miye."

"Na fête yako?"

"Kule kuko bantu mingi. Enda."

Sikuuliza mara ya pili. Weye ungeuliza? Nilimukumbatia mpaka kofia yake ikaanguka, nikaruka mu taxi na kandambili zangu.

Harusi ilikuwa moto! Mama yangu alicheza mpaka kisigino ya kiatu ikavunjika, akaendelea na kingine.

Kitu kimoja tu. Dorcelle alikuwa anaangalia mulango. Baba yake alikufa akiwa mudogo, na Papa Muhindo, ndugu ya baba yake, njo alimulea. Njo yeye alipaswa kumuingiza mu kanisa. Miye sikuwahi kumuona, siku ya mahari alikuwa safarini. Asubui ile alituma neno moja: anzeni. Basi kaka yake Mumbere njo alimushika mukono, na Dorcelle akaingia na machozi.

Tantine Cathy, shangazi yake, alikasirika sana. Alisema Papa Muhindo atalipa mbuzi na keki hataonja. Na miye, kinywa yangu ile, nikaongeza: muntu gani anakosa siku kama hii?

Siku ya kwanza, Jumatatu, tuko kwetu, tunakula mabaki na tantine, nikasikia honi mu avenue. Camion yangu! Nikatoka mbio kumupokea Vieux Frein.

Dorcelle akanipita, miguu wazi, akamurukia mzee ku shingo.

"Papa!"

Nilikaa chini mu mavumbi. Vieux Frein njo Papa Muhindo!

Nikamuuliza juu ya nini hakuniambia. Alijibu anafuta jasho.

"Ungejua, ungekatala kuenda. Bila miye mulioana. Bila weye?"

Tantine Cathy alikuwa amefungua kinywa juu ya mbuzi. Lakini akaiacha ile mbuzi. Kisha yeye mwenyewe akakimbia kuleta robe ya harusi.

Dorcelle akaivaa tena. Vieux Frein, na shati ya mafuta, akamushika mukono, akamutembeza tangu camion mpaka ku mulango ya nyumba. Majirani banapiga vigelegele, bengine hata habajui sababu. Miye nasimama pale nangojea bibi yangu mara ya pili, nalia kama mutoto.

Yesu alisema hakuna upendo kupita wa mwenye anatoa uzima wake juu ya barafiki. Miye namujua mwenye alitoa siku moja, ile alingojea tangu mutoto yake anajifunza kutembea, na hakuomba hata aksanti.

Kwa hiyo, bandugu, muntu akikosa ku fête yako, usimutukane mbio. Pengine njo yeye alikufikisha weye.