Doti Iliyokatwa kwa Urefu

Juzi tulimzika mama mdogo Gati. Jirani alileta kanga mpya ya kumfunikia, na ilipokunjuliwa, ile harufu ya wanga na rangi ambayo haijaona maji ilinirudisha Nyamwaga, miaka ya machimbo ya dhahabu, nikiwa darasa la tatu.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu, Robhi, alikuwa mkubwa. Gati alikuja baadaye, msichana tu. Kwetu kila kilichoingia nyumbani kiligawanywa sawa kwa nyumba zote mbili, hata ini la mbuzi, na mimi nilijifanya mlinzi wa mgawo. Chungu cha Gati kikinukia kuliko chetu, usingizi ulinipaa.

Siku moja Baba alirudi kutoka mashimoni na doti ya kanga nyekundu. Mpaka hapo nguo ya nyumba yetu ilikuwa kaniki, ile nyeusi inayokatwa kutoka kwenye jora, na kaniki hata ukate wapi ni ileile. Basi Baba akaikunja kanga kwa urefu, Bibi, mama yake, akashika ncha, kisu kikapita. Baba hakujua kwamba doti ni kanga mbili zilizoungana, kila moja na maneno yake upande wa chini. Kipande cha juu akapewa Mama. Maneno yote yakaenda kwa Gati.

Gati akaniita. “Bhoke, wewe si unasoma? Hapa pameandikwa nini?”

Nikasoma kwa sauti ya darasani: NIMEPEWA NA MWENYEWE, SIKUOMBA.

Mama alikuwa jikoni. Akauweka mwiko chini.

“Kumbe mimi niliomba,” akasema.

Akaanza kufunga mzigo wa kurudi kwao Itiryo. Nililia, kwa sababu nilijua desturi: ng'ombe wa mahari walishatolewa, watoto ni wa baba, akiondoka mimi ningebaki. Tena ningebaki na Gati. Nilimchukia hadi kucha zake.

Gati alisimama mlangoni, akautazama ule mzigo. Kisha akaokota kipande cha Mama kilichotupwa sakafuni, akakiweka juu ya chake, akashika njia ya sokoni. Nikamfuata. Nilidhani anaiba.

Fundi Saidi, mtu wa Pwani aliyefuata wachimbaji na cherehani yake, alivitandaza vile vipande akacheka mpaka akavua kofia.

“Binti, mzee wako alikata au alichinja?”

“Alichinja, fundi. Sasa niungie.”

Fundi akakanyaga cherehani huku akisimulia. Kule kwao, zamani, mabibi walinunua leso za Wareno, vitambaa vya kufutia jasho, wakaziunga sita ikawa nguo moja ya kujifunga. Wahindi walipoona, wakaanza kuchapa nguo nzima kwao na kuileta kwa meli. “Kwa hiyo usione haya,” akasema. “Kanga ilianza kwa kushonwa vipande.”

Alipomaliza kuunga, akakata katikati, mahali panapostahili. Zikatoka kanga mbili, kila moja na maneno yake, kila moja na mshono unaopita kiunoni.

Nyumbani Gati alizinyoosha zote mbili mbele ya Mama. “Chagua, dada.”

Mama alichagua. Hakushukuru. Baada ya muda alifungua mzigo wake, akamwambia Gati, “Ugali upo, njoo ule.” Mimi nilikuwa nimeinamia zile kanga nikilinganisha mishono. Wetu ulikwenda upande kidogo. Niliumia wiki nzima.

Nimechelewa kuelewa. Mama angeondoka jioni ile, Gati angebaki mke peke yake, na kile kipande chenye maneno yote. Hakuna aliyemtuma sokoni. Utoto wangu wote nilikuwa hodari wa kuona kinachoingia nyumbani kwake. Siku kilipotoka kitu kuja kwetu nilikuwa nyuma yake njia nzima, kwenda na kurudi, nikimlinda asiibe.