Bangili Niliyosema ni ya Mama

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu huko mbele sitakuwa na moyo wa kukungoja. Wapo walionisikiliza wakasema nilikuwa na malaria. Malaria naijua, nimeugua tangu utoto. Malaria haiendi nyumbani kwa mama wa mtu ikapiga hodi na kumwuliza swali.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, muda mfupi baada ya watu kuhamishwa. Mimi nilikuwa fundi wa mashine ya kusaga katika kijiji kimoja njia ya kwenda Mugango. Ufundi nilijifunza gereji, pale Mukendo mjini Musoma, na nilijiona sana. Kijiji kizima kilikuwa na injini moja ya dizeli, na ufunguo wa kibanda chake niliuvaa shingoni hata nikienda kuoga ziwani.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mihogo ilikauka ardhini, tukaletewa mahindi ya msaada, yale ya njano, makavu na magumu. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, nikasahau kuangalia maji kwenye pipa la kupozea injini. Ilipata moto mpaka rangi ikaanza kunuka. Fundi anayejua kazi angezima, akaiacha ipoe taratibu. Nilijua hivyo, usidhani sikujua. Lakini akina mama walianza kunitania kwamba leo fundi kapatikana, nikaona haya, nikachota ndoo ya maji baridi nikamimina. Nikasikia "ta!" Bloki, ule mwili wenyewe wa injini, ilipasuka ubavuni, ufa wa urefu wa kiganja, na maji yakaanza kunitiririkia miguuni.

Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba injini ilikuwa imezeeka. Unaona? Nilianza mapema.

Nilidandia lori hadi Musoma kwa fundi aliyenifundisha. Akaniambia bloki mpya mpaka iagizwe ng'ambo, na chuma cha aina ile hakichomelewi kwa vijiti vya kawaida, ukikichoma leo kesho kinapasuka pembeni. Mfuko wa kijiji ulikuwa umetosha nauli yangu tu. Niliporudi, mwenyekiti alisema mbele ya watu: "Jumamosi isipounguruma, utaenda wilayani kujieleza mali ya umma imekufaje." Nyumba kwa nyumba watu walikuwa wanatafuna punje za kuchemsha, watoto wanashika matumbo. Nilipita nikiangalia chini.

Ipo njia ya masikini, nayo ni kuushona ufa. Unatoboa tundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Halafu unatoboa matundu yanayofuatana, unayakata nyuzi kama za skrubu, unakaza humo vipande vya shaba, kila kimoja kikiuma ubavu wa mwenzake, kisha unavigonga kwa nyundo mpaka shaba inatanuka na kuziba. Hakuna umeme, hakuna spea. Unahitaji uvumilivu na shaba, na shaba nilikuwa nayo.

Sasa nisikilize vizuri. Tulipojenga kile kibanda, shimo la msingi wa injini nililichimba mimi. Kiwanja kile zamani kilikuwa nyumbani kwa mtu, na wazee wa huku walikuwa wakizikwa nyumbani kwao. Bwana aliyetoka wilayani kupima hakuuliza, alivuta kamba akapiga vigingi. Nikiwa shimoni peke yangu nikakuta bangili ya shaba, nene kama kidole cha mwisho, na ndani ya bangili palikuwa na mfupa wa mkono. Nilipaswa kuita watu. Badala yake niliichomoa, nikaufukia mfupa, na siku hiyo hiyo nikamwaga zege juu yake. Bangili niliificha kwenye sanduku la vifaa nikiwaza kwamba siku moja nitaiuza. Ndivyo nilivyokuwa, siwezi kujipaka mafuta leo.

Alhamisi kijiji kizima kilikwenda shamba la ujamaa kung'oa mabua ya pamba. Nilisamehewa mimi tu. Hata mbwa waliwafuata watu. Niliipasha bangili moto mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza majini ilainike, nikainyoosha kwa nyundo, nikaikata nyuzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Bloki niliipaka mafuta ya taa, nikaifuta, kisha nikapuliza unga juu yake, na ufa ukajichora wote kwa sababu mafuta yaliyojificha ndani yalilowesha unga. Nikaanza kutoboa kwa keekee ya mkono.

Jua lilikuwa la utosi. Nilikuwa nakaza kipande cha nne niliposikia kwamba siko peke yangu. Nyuma yangu alisimama mzee mrefu, amevaa koti zito jeusi katika joto lile, mkono wa kulia ameuficha ndani ya koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo inasagaga unga wa watu?"

"Ndiyo hii. Imepasuka."

"Nimeona." Aliinama karibu yangu akaitazama shaba. Hakuwa na hata tone la jasho, na alinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. "Shaba nzuri. Umeitoa wapi?"

Niamini, aliuliza kwa upole kabisa. Ningeweza kusema nimeiokota. Ningeweza kusema sijui. Lakini ulimi wangu wiki ile ulikuwa umeshazoea.

"Ni ya mama yangu, mzee. Alinipa."

"Ya mama yako."

"Ndiyo."

"Mama yako anakaaga wapi?"

Mpaka leo sijui kwa nini nilimjibu. Nikamwambia Butiama, nikamwelekeza mpaka nyumba.

"Basi kama ni ya mama yako, we shona tu," akasema. "Nitamuuliza mwenyewe."

Niligeuka kuchukua nyundo. Nilipogeuka tena, hayupo. Kwanza nilicheka, nikasema wazee wengine bwana. Halafu nikatazama chini. Sakafu ya kibanda cha kusaga haikosi vumbi la unga, na unyayo huonekana wazi. Nyayo za miguu mipana zilitoka mlangoni zikaja mpaka kwenye injini, zikaishia pale kwenye zege. Za kurudi hazikuwepo. Nilichungulia nyuma ya pipa, nilichungulia nyuma ya magunia, nikarudi kuzitazama tena. Nilijua ni nani, usiniulize nilijuaje.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi niliogopa wilayani kuliko kaburi. Nilishona ule ufa kipande hadi kipande, bangili yote ikaishia humo. Ijumaa nilijaza maji na halikutoka hata tone. Jumamosi injini ikaunguruma, akina mama wakapiga vigelegele, mwenyekiti akanipiga mgongoni akaniita mwanaume. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumapili asubuhi mdogo wangu alituma mtu: mama ni mgonjwa. Niliazima baiskeli, nikafika Butiama jioni. Mama alikuwa amekaa mlangoni, mkono wa kulia ameulaza mapajani, kiganja juu. Niliushika. Kuanzia kifundo kwenda chini ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Juu ya kifundo, joto la kawaida la mama yangu. Vidole havikufunga.

"Mama, umefanya nini mkono?"

"Alhamisi mchana alikuja mgeni," akasema. "Mzee mmoja wa heshima. Akasema ametoka kwako, kwenye mashine. Nikampa kigoda, nikampa maji, hakunywa."

Kutoka kijijini mpaka kwetu ni nusu siku kwa baiskeli. Aliondoka kwangu mchana, akafika kwa mama mchana ule ule.

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, mwanao anasema ile bangili ya shaba ni yako, ni kweli?"

"Ukamjibuje?"

Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Wewe si mwanangu? Niliona anataka kukuita mwizi. Nikamwambia ndiyo, ni yangu, nilivaaga tangu usichana, nikampa mwenyewe."

"Halafu?"

"Akashukuru. Akanishika hapa kwa mkono wake wa kushoto, akasema, kama bangili ni yako, basi na mkono wa bangili ni wako. Akaenda zake."

Nililia mbele ya mama yangu, mtu mzima na ndevu zangu. Nilimwambia yote: ndoo ya maji, mfupa, zege, bangili. Nikamwambia narudi usiku huo huo kuichomoa shaba yote, nimrudishie mwenyewe. Mama akauliza, "Ukiitoa, mashine itasaga?"

"Haitasaga, mama."

"Na watoto wa wale watu watakula nini?"

Nikaushika tena mkono wake, nikausugua.

"Basi iache," akasema. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona kidogo.

Nilikiri kijijini pia. Wazee walikuja, wakachinja mbuzi pale kibandani, wakamwomba radhi mwenye mji aliyelala chini ya zege. Mkono haukubadilika. Mmoja wao aliniita pembeni akaniambia, "Huyu hana anachotudai, mwanangu. Aliuliza, akajibiwa."

Injini ilisaga miaka mingi na ule ufa haukuvuja tena. Mimi niliacha kazi nikarudi nyumbani kumkamulia mama ng'ombe na kumsongea ugali. Aliishi miaka kumi na mmoja na mkono ule. Kila asubuhi aliuweka karibu na moto kuupasha, na asubuhi moja uliungua, wala hakujua mpaka mimi niliposikia harufu nikakimbia kuutoa. Alinitazama akacheka, akaniambia usinune, hauumi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una shida na umeokota kisicho chako, ukiulizwa umekitoa wapi, sema ulikokitoa, hata kama ni aibu, hata kama utafungwa. Usimtaje mama yako. Utakuwa umesema uongo mdogo tu wa kupitisha mchana, na yeye huko aliko, bila kukuuliza, atausema na yeye.