Aliniita Mama Mdogo

Wawili ndio walioniharibia maisha, na nawasema. Majina yao siandiki, watu wa Masasi na Kitangari wanawajua. Wa kwanza ni mama mwenye nyumba niliyemlelea mtoto wake. Wa pili ni mjomba wangu, kaka yake mama yangu mzazi.

Mjomba ndiye aliyenishusha Masasi. Kwetu Umakondeni mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake hata wakiwa wakubwa. Mimi nilikuwa nimeshaachika, sina mtoto, shule niliishia darasa la nne.

"Unakwenda kwa watu wazuri," aliniambia. "Utakula, utavaa. Mengine tumeelewana wenyewe."

Hayo mengine yalikuwa salfa, ile dawa ya unga. Kila msimu wa kupulizia mikorosho, gari la yule mama lilipanda hadi Kitangari na kumshushia mjomba mifuko ya salfa. Huo ndio ulikuwa mshahara wangu. Ulimwagwa kwenye majani ya mikorosho ya mjomba, mimi nikapewa kanga ya sikukuu na nauli ya kwenda msibani.

Familia ile ilikuwa na ghala la korosho mjini, na karani wa ghala alikuwa akija kunywa chai jikoni kwangu. Siku moja akaniuliza, "Dada, wewe wamekuandikisha?"

"Niandikishwe wapi tena, naanza shule?"

Akacheka mpaka chai ikampalia. "Mimi nina mkataba. Nakatwa kidogo, tajiri anaongeza chake, inakwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Nikiumia kazini napata fidia. Wewe ukiumia je?"

Neno hilo likanikaa moyoni. Nikamfuata mama mwenye nyumba akiwa anachambua mchele barazani.

"Mkataba?" Ungo akauweka chini. "Ndugu na ndugu wanaandikiana mkataba? Mtoto anakuita nani humu ndani?"

"Mama mdogo."

"Haya. Unataka aanze kukuita mfanyakazi?"

Nikaona haya, nikarudi jikoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mwanawe kuniita hivyo, hata kabla hajajua kutembea vizuri. Na mimi, mwanamke nisiye na mtoto, jina lile nililipenda kuliko kanga zake zote.

Karai la mafuta lilipinduka nikikaanga maandazi. Mtoto alikuwa ameingia kimyakimya nyuma yangu, akavuta sikio la karai. Nililisukuma kwa mkono wa kulia lisimwangukie. Yeye hakupata hata tone. Mimi vidole viliungua, vikapona vimeshikana, havikunjuki.

Wakanilipia dawa za mwanzo. Kisha mama akasema, "Nenda nyumbani kapumzike, tutakufuata." Hawakunifuata. Nilisikia wamepata msichana mwingine, kutoka upande wa Chidya. Korosho huwezi kuinyonga kutoka kwenye tunda lake, bibo, kwa mkono kama wangu. Ndoo nikiinua, inaning'inia kwenye kiwiko.

Nikashuka tena Masasi, na karani ndiye aliyenipeleka kwa afisa kazi. Nilitaka kitu kimoja tu: iandikwe kwamba niliumia kazini, nipate fidia ya mkono.

Afisa akatuita wote. Mjomba alishuka kutoka Kitangari amevaa koti, akaketi upande wa yule mama.

"Huyu mwanangu alikwenda kusaidia ndugu," alisema. "Salfa nilipewa kiundugu, si mshahara."

"Mjomba!" nikamwita.

"Nyamaza. Wakubwa wanazungumza."

Wakubwa! Na mimi nina mvi.

Mtoto alikuwepo, shule zilikuwa zimefungwa. Aliponiona alikimbia akanipandia magotini, akaushika ule mkono mbaya bila kuogopa. Afisa akamwinamia. "Mwanangu, huyu ni nani wako?"

"Mama mdogo," alisema, na kichwa akanilazia kifuani.

Yule mama alitazama sakafu. Afisa alishusha pumzi. "Mama, karatasi huna. Mjomba wako mwenyewe anasema ni undugu. Mtoto naye umemsikia. Mimi nishike wapi?"

Sikupata kitu. Mikorosho ya mjomba imestawi, ukipita utaiona.

Sasa nauza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha pale stendi ya Masasi. Mwaka huu mtoto yule, sasa binti, alishuka kwenye bodaboda mbele yangu, ana sare ya sekondari, mrefu kama mama yake.

"Shikamoo mama mdogo!"

"Marahaba. Mimi si mama yako mdogo. Nilikuwa mfanyakazi wenu."

"Aa, mama mdogo na utani wako!" Akacheka, akainama anikumbatie.

Kifungo cha kola yake kilikuwa wazi. Mkono ukaenda wenyewe kukifunga, kama zamani. Vidole havikukamata. Akasubiri, shingo ameinua, mpaka konda wa basi lake la kwenda shule alipomwita.