Njia Mbili za Kisu

Hadi leo nikikumbuka korido ile, damu inanichemka. Nilikuwa msichana mzima, nimesoma shule ya Mulungwishi, Kifaransa ninakijua, na wanaume wawili wakaupanga mwili wangu huku mlango umefungwa.

Matiti yangu yalikuwa mazito mno. Mikanda ya sutieni ilinichimba mabega, joto la mwezi wa kumi lilinichubua ngozi chini yake, na mgongo ulikataa hata ndoo ya maji. Sokoni Kikula wauza samaki wa ndagala waliniuliza mapacha nimewaacha wapi. Nacheka nao, nikifika nyumbani nalia.

Baba alifanya kazi kwenye mitambo ya shaba, na hospitali ya kampuni ilimjua mfanyakazi, si mgonjwa. Munganga, daktari wa kupasua, akamwita yeye koridoni, mimi nikaachwa kitandani. Waliyosema nilikuja kuyajua baadaye. Njia za kuyapunguza matiti zilikuwa mbili. Ya kwanza, chuchu inabaki imeshikana na nyama yake na mirija ya maziwa, nyama ya pembeni ndiyo inayopunguzwa, kazi ndefu. Ya pili, chuchu inakatwa kabisa, kisha inapandikizwa juu kama mche. Inakwisha upesi, ila maziwa hayapiti tena. Munganga akamtuma baba aje kuniuliza.

Kwetu baba hatamki titi la binti yake, afadhali afe. Akaingia, akakohoa, akaniambia munganga ni mtu mzuri. Kisha akarudi koridoni, akasema wafanye ile waliyoiona inafaa.

Mgongo ulipona, sikatai. Nilivaa gauni nilizozitamani, nikapita Kikula bila mtu kunigeukia. Makovu yalizunguka chuchu na kushuka hadi chini, na chuchu zenyewe hazikusikia kitu. Nikadhani ni ganzi, itaisha.

Nikaolewa, nikazaa. Maziwa yalipopanda, matiti yakawa mawe, homa ikanishika, na mtoto anavuta, anaachia, anapiga kelele. Mama mkwe alinipikia uji wa karanga, na sombe ya majani ya muhogo, ili maziwa yatoke. Alipoona hakuna tone, akasema mwanamke anayemnyima mtoto ana neno moyoni. Nikarudi hospitalini. Muuguzi akatazama makovu, akaniuliza, "Hawakukuambia?"

Nikaenda moja kwa moja kwa baba, mtoto mgongoni. Nilimkuta kwenye baraza. Akanisimulia yote huku akitazama chini.

"Minye ningekuambia namna gani? Weye uko binti yangu."

Haya! Kumbe haya yake ndiyo iliyonikata, kisu kilimalizia tu. Nikamfungua mtoto, nikamlaza mapajani mwake akilia.

"Baba, iko na njala. Mumupe titi."

Neno hilo nilimtamkia baba yangu usoni, na majirani wakasikia. Mtoto akageuza uso, akaanza kutafuta kwenye shati la baba.